MTOTO WA MFANYA KAZI AFUNDISHWE KUSOMA, SI KUKARIRI

Ndugu Wafanya Kazi,

Twadai mishahara, twadai nyumba, twadai malipo ya saa za ziada. Ni haki yetu. Lakini nyongeza ikija, karo huila kwanza. Basi yafaa tuulize: karo hiyo yatununulia nini?

Piteni Kenyatta Market jioni yo yote. Kando ya nyama choma, na pale wanawake wasukapo nywele, mtamwona mtoto wa darasa la kwanza juu ya kreti ya soda, daftari gotini. Mama, mikono imo katika nywele za mteja, amwambia, "Soma." Mtoto asoma ukurasa mzima wa Kiingereza bila kusita. Sasa funikeni picha, mwonyesheni neno moja la katikati. Hawezi. Amekariri. Mama afurahi, kwani alilipia Kiingereza na Kiingereza amekisikia. Mwenye shule afurahi zaidi. Aliyepata hasara ni mtoto.

Kusoma ni kazi, nayo ina utaratibu kama kazi zote. Mtoto hutambua sauti, kisha herufi ya kila sauti, kisha huziunga. Kwa Kiswahili njia hii imenyoka. Irabu ni 5, wala hazigeuki. Ajuaye ba, be, bi, bo, bu na ta, te, ti, to, tu, aweza kusoma bata, bati, boti na tabu siku hiyo hiyo, na maana aijua, kwa kuwa ndiyo lugha aisikiayo sokoni. Lakini Kiingereza huandika "two" kwa w isiyosemwa, na husema w katika "one" ambayo haikuandikwa. Mtoto apewa mizigo miwili pamoja, herufi ngeni na lugha ngeni. Hakuna karakana ifundishayo mwanagenzi namna hiyo.

Mabishano haya si ya leo. Mwaka 1964 Tume ya Ominde ilitaka Kiingereza kifundishie tangu darasa la kwanza. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ikasema lugha ya mahali itumike miaka 3 ya kwanza, na siasa ya elimu ya nchi yashika neno hilo hata sasa. Katika Nairobi yenye makabila yote, lugha ya mahali ni ipi kama si Kiswahili? Neno limeandikwa, ila wengi hawalifuati.

Matokeo yalipimwa. Uchunguzi wa Uwezo, kabla ya mwaka 2015, ulionyesha kwamba katika watoto 10 wa darasa la tatu, kama 3 tu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Mwaka 2015 Wizara ya Elimu, kwa fedha za Marekani, ikaeneza mpango wa Tusome: kitabu kwa kila mtoto, mwongozo kwa kila mwalimu, sauti na silabi kila siku, Kiswahili na Kiingereza kila kimoja kwa kitabu chake, na afisa wa kuingia darasani kumsaidia mwalimu. Watoto wakaendelea mbele. Mwaka huo huo Tanzania nayo ilianzisha mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu katika darasa la kwanza na la pili. Basi dawa yajulikana. Lakini mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada. Je, mtoto wetu asome tu mgeni akifungua mfuko? Katiba ya 2010 yasema elimu ya msingi ni bure na ya lazima. Deni hilo ni la Serikali yetu.

Wako watakaosema, "Bila Kiingereza hakuna kazi." Hakuna akataaye Kiingereza. Lakini mtu hujifunza kusoma mara moja; akishajua kwa lugha yake, ujuzi huo huuchukua hata katika Kiingereza. Wengine watasema watoto wa Nairobi wasema Sheng. Sheng imesimama juu ya Kiswahili, na ba ni ba ile ile. Wengine watamlaumu mwalimu. Tangu elimu bila malipo ya 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliingia shuleni, na walimu hawakuongezwa kwa kadiri hiyo. Mwalimu ni mfanya kazi mwenzetu. Mzigo wake twaujua.

Neno hili ni la chama. Mwajiri mbaya hupenda sana mtu atiaye sahihi karatasi asiyoielewa. Mkataba hausomwi kwa kukariri.

Kwa hiyo nasema:

1. Chama kiandike jambo hili katika madai yake, na kisimame pamoja na vyama vya walimu.

2. Serikali itoe kitabu kwa kila mtoto wa madarasa 3 ya kwanza, katika shule zake na katika zile ndogo za Kibera.

3. Kila mwanachama amwulize mwenye shule: mtoto wangu afundishwa sauti, au aimbishwa?

4. Kila jioni, dakika 10, mzazi amsikilize mtoto akisoma ukurasa asiopata kuuona. Mzazi asiyejua kusoma na akae pale pale ajifunze naye, bila haya.

Ndugu zangu, tusinunue tena kelele kwa bei ya elimu.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanya Kazi wa Reli, Nairobi