Hesabu na Mtoto wa Askari

Mara nyingi twasikia wazazi wakisema kwamba mtoto fulani hana kichwa cha hesabu. Sisi hatukubaliani na kauli hiyo. Mtoto yule yule akitumwa sokoni Koboko, mahali ambapo shilingi yetu hukutana na faranga ya Kongo na pauni ya Sudani Kusini, hurudi na chenji kamili bila kushika kalamu. Kinachokosekana darasani si akili bali ni hamu, na hamu hiyo hujengwa au hubomolewa na shule pamoja na siasa ya elimu ya nchi nzima.

Mwaka 1997 serikali ilipofungua milango ya elimu ya msingi bila karo, madarasa yalifurika. Mwalimu mwenye umati mbele yake hana nafasi ya kumwuliza kila mtoto amelipataje jibu lake. Asiyeelewa hunyamaza, mwisho akazoea kunyamaza. Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi na hisabati mwenye digrii, katika sekondari, ulipandishwa hadi shilingi 4,000,000 kwa mwezi. Hilo ni jema. Walakini mwalimu wa msingi hakupata nyongeza ya namna hiyo, hali yeye ndiye anayempokea mtoto kabla hajaanza kuziogopa namba.

Lakini liko jambo linalowahusu hasa ninyi, ndugu askari wa jeshi na polisi. Mtaala ulioanza mwaka 2007 wataka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya mahali, kisha wahamie Kiingereza. Koboko lugha hiyo ni Kikakwa. Arua ni Kilugbara. Lugha hizi hazikaribiani kama Kiganda na Kisoga. Ni za koo mbali mbali kabisa. Basi baba apewapo uhamisho katikati ya muhula, mtoto aliyekwisha zoea kuhesabu kwa Kikakwa aingia darasani Arua asijue hata namna ya kuambiwa ajumlishe au atoe. Apata sifuri, achekwa, na pengine achapwa, ijapokuwa viboko vilikatazwa shuleni kwa sheria ya mwaka 2016. Jioni baba asema mtoto hana kichwa!

Mzazi huyo huyo kutwa nzima amefanya hesabu. Asomaye ramani amepima pembe na masafa. Askari wa barabarani amepima alama za breki penye ajali. Mtunza ghala amegawa posho ya kikosi kizima. Mtoto hajaambiwa kamwe kwamba kazi hiyo ndiyo ile aichukiayo ubaoni. Na aambiwe, tena kwa lugha aijuayo.

Kwa wakuu wa vikosi vya Arua na Koboko tuna ombi moja. Kazi ikiruhusu, askari mwenye watoto wa madarasa ya chini asihamishwe katikati ya muhula. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka yatosha kwa uhamisho huo, na mtoto akapata majuma machache ya kucheza na wenzake wapya na kujifunza kuhesabu kwa lugha yao kabla kengele ya shule haijalia.