Tunaondoka bila kuagana

Kila mwaka ikifika Julai tunaambiwa tunakwenda kupumzika. Sisi tunaosoma vyuo vikuu vya nchi hii tunajua likizo ndefu ni nini: ni miezi ya kukaa mbali na watu tuliokula nao, kulala nao na kufeli nao, na tumechoka kuambiwa kwamba hilo si tatizo. Mzazi akiona mwanawe amekuwa mkimya, anauliza kama anaumwa au kama kuna aliyemuudhi. Ukimjibu kwamba umewakumbuka wenzako wa chuo, anacheka. "Si utawaona tena Oktoba?" Tutawaona, Mungu akipenda. Ila si wote watakaorudi.

Kwanza tazameni tunavyoondoka. Mitihani haiishi siku moja kwa kila mtu. Wa sheria anamaliza leo, wa uhandisi bado ana pepa mbili wiki ijayo, na hosteli nyingi zinataka ufunguo na godoro mara tu unapomaliza pepa ya mwisho. Hivyo watu walioishi chumba kimoja tangu mwaka wa masomo uanze wanaagana kwa ujumbe wa simu: mmoja bado anakesha na madaftari, mwingine yuko stendi ya Mbezi alfajiri na begi lake, anatafuta basi la Bukoba.

Wazee wetu hawajui tulivyoishi, na pengine hatuwaambii. Bumu, ile posho yetu ya mkopo, likichelewa, watu sita wanachanga unga, dagaa na mafuta, na jiko la umeme lililofichwa chini ya kitanda ndilo linalopika. Aliyekosa nafasi ya hosteli anabebwa, wawili kitanda kimoja chembamba muhula mzima. Binti akiugua usiku, wanaomshika mkono hadi zahanati ni hao hao wa chumbani. Ukifeli jaribio, ndio wanaokaa na wewe kwenye vimbweta mpaka saa sita usiku, wanarudia na kurudia hadi uelewe. Watu wa namna hiyo wakiondoka maishani mwako kwa siku moja, lazima uumie.

Nchi nayo ni kubwa. Mmoja yuko Karagwe anaanika kahawa, mwingine Newala anasubiri korosho zianze kudondoka, mwingine yuko Pemba juu ya mkarafuu. Tunashukuru kwamba tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na tangu 2024 treni ya umeme inatufikisha Dodoma kwa saa chache. Lakini treni hiyo haifiki Karagwe, na likizo haina bumu. Posho ya chakula na malazi ni ya siku za masomo. Nauli ya kuvuka nchi inatoka wapi?

Basi tunabaki na simu, na hapo nako kuna maumivu. Nyumbani kila ujumbe wa sauti unakula bando, na bando la wiki linakwisha muda wake hata kama hujalimaliza. Aprili 2021 vifurushi vilipopanda, wananchi tulipiga kelele mpaka bei mpya zikasitishwa. Ila kwa mtu asiye na kipato, hata bei ya zamani ilikuwa nzito. Kundi letu la WhatsApp halilali wiki ya kwanza. Ikifika Agosti limebaki na michango ya harusi na salamu za Ijumaa.

Kinachotuuma kuliko yote ni matokeo. Yanatoka wakati wa likizo, kila mtu akiwa kwao, na kila mmoja anayafungua peke yake. Mwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, ana afadhali, atarudi mapema na kukuta wenye sapu wenzake. Aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, je? Chuoni angelia mbele ya watu wanaomjua, wangemnyang'anya simu, wangemlazimisha kula, wangelala naye chumba kimoja usiku ule. Nyumbani anajifungia, au anakaa wiki nzima bila kusema neno kwa sababu hajui amwambie nini baba aliyeuza ng'ombe. Sisi tunaona tu amejitoa kwenye kundi. Tunapiga, hapatikani. Hatujui kwao ni nyumba ipi, hatuna namba ya mama yake. Wapo wenzetu tuliokula nao sahani moja na hadi leo hatujui waliishia wapi. Tukiambiwa kwamba tutapata marafiki wengine, tunakosa la kujibu, kwa sababu anayesema hivyo hajaelewa tumepoteza nini.

Ukiomba ruhusa ukamtazame mwenzako kwao, maneno yanaanza. Kijana wa kiume huenda akaruhusiwa, kazi za shamba zikiisha. Binti akisema anataka kwenda Tanga kumwona mwenzake wa chumba, ataulizwa maswali mpaka ajute kuomba, kana kwamba rafiki huyo wa kike ni wa kutungwa. Wazazi wetu, tunajua mnaogopa, na sababu mnazo. Lakini pigianeni simu, mzazi kwa mzazi, mjuane. Ninyi ndio mliotufundisha kupokea mgeni. Mpokeeni huyu siku mbili, ya tatu mpeni jembe, atalima, hatakataa.

Wakubwa wa vyuo, tuachieni hosteli siku tatu baada ya mtihani wa mwisho wa chuo kizima, hata kama tutalipia kidogo. Na matokeo yakitoka, aliyedisko asiachwe na simu yake mkononi akisoma habari hiyo peke yake. Mshauri wa wanafunzi ampigie siku hiyo hiyo, amwite kwa jina, amuulize yuko na nani. Sisi la kwetu tumeshalianza: kabla ya kurudisha funguo tunaandikiana namba ya mama, jina la kijiji na jina la balozi wa nyumba kumi.