Safari ya Mlimani Siku za Mvua

Mwezi wa Septemba ukiingia, mambo mawili huanza pamoja katika vilima vyetu vya Masisi: shule hufunguliwa, na kiangazi hukoma. Watoto waliozoea vumbi la Julai hukuta matope. Njia iliyokuwa ngumu kama sakafu huteleza kama sabuni, na alfajiri ukungu hulala juu ya malisho ya ng'ombe hata mtu asione mti ulio mbele ya nyumba yake. Hata hivyo safari hazikomi. Mwanafunzi huenda shuleni, mama huenda sokoni na viazi vyake, Wakristo wa mbali huja Nyamitaba siku ya Bwana, na vijana hupanga matembezi ya kupanda kilele, maana ujana haungoji kiangazi.

Vijana wa namna hiyo hutuuliza: Twende na nini? Swali ni jema, nasi tutalijibu. Lakini kabla ya kuhesabu vitu vya kutia mfukoni, twataka kusimulia habari moja ya kweli, kwa kuwa yatufundisha swali jingine lililo kubwa zaidi.

Mlima Karisimbi una mita 4,507, nao ndio mrefu kupita yote katika safu ya Virunga. Anga likiwa safi, watu wa Goma huuona. Mara nyingine kilele chake huwa cheupe kwa mvua ya mawe au theluji, na wengi husema kwamba jina lake latokana na neno isimbi, yaani kauri nyeupe. Mwaka 1907 na 1908 Adolf Friedrich, mwana wa ukoo uliotawala Mecklenburg huko Ujerumani, alipita nchi hizi pamoja na kundi la wataalamu. Mmoja wao, Egon Kirschstein, mchunguzi wa mawe na volkano, alipanda Karisimbi mwezi wa Februari 1908. Dhoruba ya mvua ya mawe na theluji iliukuta msafara wake ghafula huko juu, na wapagazi 20 wakafa.

Hawakuanguka gengeni, wala hawakuliwa na chui. Waliuawa na baridi, karibu kabisa na mstari wa Ikweta, katika bara ambalo watu wa mbali huliita bara la jua.

Yawezekanaje? Sababu ya kwanza ni kimo. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua takriban nyuzi 6. Goma iko karibu na mita 1,500. Basi juu ya Karisimbi, mita 3,000 zaidi, hewa ina upungufu wa nyuzi 18 hivi. Vilima vyetu si virefu kama huo, lakini vingi vyafika mita 2,000 na kupita, na upepo wa juu hauna kizuizi, kwa kuwa misitu mingi ilikatwa ili kupata malisho na mashamba.

Sababu ya pili ni maji. Mwili uliolowa hupoteza joto upesi kuliko mwili mkavu. Nguo ya pamba ikishiba maji haikingi tena. Yanyonya joto la mwenye kuivaa na kuukabidhi upepo. Kwa hiyo mtu aweza kufa kwa baridi hata mahali pasipo na theluji. Yatosha mvua, upepo, njaa na saa chache za uchovu.

Sababu ya tatu ndiyo tuliyotaka kuifikia, nayo ni mzigo. Wapagazi wa siku zile walitembea miguu mitupu na kuvaa nguo nyepesi. Abebaye mzigo hutokwa na jasho akipanda, hata nguo yake hulowa kwa ndani kabla mvua haijailowesha kwa nje. Akisimama kupumzika, upepo humkuta tayari. Na mara nyingi juu ya kichwa chake mna blanketi kavu lisilo lake! Wahenga walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi, wala haoni jasho linalompoza mwenziwe.

Basi swali lenyewe ni hili: si "Mimi nimevaa nini?" bali "Yule aliyevaa vibaya kuliko wote katika kundi letu amevaa nini?" Safari imeandaliwa kwa kadiri yake yeye, wala si kwa kadiri ya yule mwenye koti zuri. Tazameni njia zetu siku ya soko. Baba ametangulia na mwavuli. Nyuma yake yuaja mama na gunia la viazi, ukanda umembana kwenye paji la uso. Nyuma ya mama yuaja binti mdogo na dumu la maji, kitenge kimoja tu mabegani. Wote watatu wamo katika mvua moja, lakini hawamo katika hatari moja. Baba, kama koti ni moja tu, livae zamu kwa zamu, na zamu ya kwanza iwe ya mwenye mzigo.

Sasa twajibu swali la vijana.

Siku iliyotangulia, panga nguo mbili: za kutembea nazo, na za kubadili. Za kubadili zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopenya maji, wala zisifunguliwe njiani kwa sababu ya mvua kidogo. Ni akiba ya saa mbaya. Chagueni nguo ya sufi, hata ikiwa kuukuu, kuliko nguo ya pamba mpya, maana sufi hutunza joto hata ikiwa mbichi. Kofia isisahauliwe. Kipande cha turubai chenye tundu la kichwa hufaa kuliko mwavuli, kwa kuwa upepo wa kilele huugeuza mwavuli mara moja. Miguuni, viatu vya mpira virefu ni vizuri katika matope. Soksi kavu ziwekwe pamoja na nguo za akiba. Kila mtu awe na fimbo, kwani wengi huanguka katika kushuka kuliko katika kupanda.

Chakula ni kuni za mwili. Viazi vitamu vilivyochemshwa, mahindi ya kukaanga, karanga na kipande cha jibini yetu ya Masisi vyatosha. Kuleni kidogo kidogo njiani wala msingoje njaa. Chai yenye sukari nyingi katika chupa ya kutunza joto ina thamani kuliko mkoba mzima wa mapambo. Kiberiti kifungwe katika plastiki, na kiwe mikononi mwa watu wawili, ili mmoja akianguka mtoni moto usipotee.

Pombe isiende mlimani. Twajua wasemavyo watu, kwamba kanyanga hupasha moto. Wanadanganyika. Pombe hupeleka damu kwenye ngozi, ngozi yaona joto, na kumbe joto la ndani latoka nje. Zaidi ya hayo, mlevi hatambui kwamba anapoa.

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, na ifikapo saa sita mchana muwe mmeanza kushuka, maana mvua kubwa na radi hupenda kuja alasiri. Habari ya radi si mchezo katika nchi yetu. Mwaka 2016 wataalamu waliohesabu radi kwa vyombo vya angani waliitaja Sake, mji wa Masisi, miongoni mwa mahali 10 penye radi nyingi kupita pote duniani. Mkisikia ngurumo mkiwa juu, shukeni kutoka mgongo wa kilima. Msijifiche chini ya mti uliosimama peke yake, wala msikumbatiane kundi zima mahali pamoja. Achaneni hatua kadhaa.

Mto uliofura usivukwe. Kijito ulichokivuka asubuhi kwa kuruka jiwe hadi jiwe chaweza jioni kumchukua ng'ombe. Ngojeni, hata kama kungoja ni kulala ng'ambo katika nyumba ya watu msiowajua. Tusisahau yaliyotokea Kalehe, kwenye pwani ya Ziwa Kivu, tarehe 4 Mei 2023, mito ilipofura na kuvikumba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi: watu zaidi ya 400 walipoteza maisha. Wao walikuwa kwao, si safarini. Sembuse anayeyafuata maji mwenyewe!

Katika kutembea, aliye mnyonge awekwe mbele, naye aamue mwendo. Mwenye nguvu zote akae nyuma, asibaki mtu. Na kila mmoja amtazame mwenzake, kwa sababu apoaye hajitambui. Kwanza hutetemeka. Kisha vidole vyashindwa kufunga kifungo, ulimi wawa mzito kama wa mlevi, miguu yajikwaa, naye akasirika au kunyamaza. Kisha kutetemeka kwakoma. Wengi hapo hushangilia wakidhani amepona. Sivyo! Hiyo ndiyo dalili ya hatari iliyo kubwa. Mtu huyo ataomba aachwe alale kidogo tu, ninyi mtamkuta baadaye. Msimwache kamwe.

Mpelekeni mahali pasipo upepo. Mvueni nguo mbichi, mvikeni zile za akiba, mfunikeni kichwa. Mtandikieni nyasi kavu au majani mengi, kwa sababu ardhi nayo hunyonya joto. Mtu mwenye joto alale karibu naye chini ya blanketi moja. Kama ana fahamu na aweza kumeza, mpeni chai tamu. Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu, wala msimchomeke karibu na moto mkali. Apashwe taratibu, kisha apelekwe kwa mganga wa zahanati.

Jambo la mwisho la kuandaa halina uzito: waambieni watu wa nyumbani njia mtakayopita na saa ya kurudi, na ulizeni kwa wenyeji habari za njia kabla ya kuondoka. Mkiambiwa rudini, rudini. Kilele hakihami.

Wasomaji wapenzi, hatuwezi kufunga maneno haya pasipo kuwakumbuka wale ambao hawakupanga safari yao. Katika miaka ya vita, wengi wa nchi yetu wamevipita vilima hivi usiku, katika mvua, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, bila nafasi ya kuchagua viatu. Huenda usiku mmoja mtu wa namna hiyo akabisha hodi mlangoni pako, maji yakimchuruzika. Desturi yetu njema ni kumwuliza mgeni habari za atokako. Usiku huo acha desturi hiyo ingoje. Kwanza avuliwe nguo mbichi, apewe blanketi na kikombe cha chai, na mtoto wake alazwe kati ya watoto wako. Habari zake atazisimulia asubuhi.

Wale 20 wa Karisimbi hawakupata asubuhi hiyo. Ninyi vijana mnaotaka kupanda, pandeni kwa furaha, mkaone nchi yenu ilivyo nzuri mvua inapoachilia na ukungu unapopanda kutoka mabondeni. Lakini kabla ya kuondoka, simameni mlangoni, mtazamane nguo, na mwenye mbili ampe asiye na kitu.