Uzoefu Huchumwa Mti Gani?

Enyi mwandikao matangazo ya kazi za sera, uzoefu mnaoudai huchumwa mti gani? Binti wa jirani yangu hapa Paje ana shahada, na kila mlango wamtaka miaka mitano. Amejitolea ofisini miezi minane bila ujira, akitoa fotokopi.

Mimi, nisiyekanyaga chuo, huletewa sera zilizokwisha kuandikwa kwa Kiingereza nizitie Kiswahili. Mojawapo, ihusuyo mwani, iliweka mafunzo ya wakulima siku za bamvua, kina mama wote wakiwa pwani wakivuna! Binti huyo, niliyemwita anisaidie istilahi tu, ndiye aliyeligundua kosa. Mamake hulima mwani. Likarekebishwa. Mwandishi alilipwa, nami nikalipwa changu. Yeye, ati, bado hana uzoefu.