Usimwage Maji ya Mtoto

Mwanao akileta nyumbani chupa ya maji yenye viluwiluwi vya mbu, usimkemee. Mwambie afunge mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi. Kisha mtazame pamoja kila siku.

Viluwiluwi hupanda juu kuvuta hewa. Baadaye hujikunja kama alama ya mkato. Kabla ya wiki mbili kwisha, mbu wataruka ndani ya chupa.

Wengi wetu husema mbu huzaliwa na majani. Mimi naona chupa hii yafundisha kuliko hotuba ya Bwana Afya, naye anisamehe. Sasa tazama dimbwi lililo karibu na nyumba yako, na nyayo za ng'ombe zilizojaa maji ya mvua. Mbu wa malaria hutoka humo.

Chupa msiifungue mpaka mbu wote wafe.