Mapito ya Ndovu na Shamba la Mkulima

Mkulima wa Kilosa hana usingizi mahindi yakomaapo. Kundi la ndovu likiingia shambani usiku, kazi ya miezi huisha kabla ya adhana ya alfajiri. Hasira ikimpanda husema, "Hawa ni maadui, na wauawe!" Twaijua taabu yake wala hatumlaumu, lakini yatupasa tuulize kwanza: ndovu amelifuata shamba, au shamba limelimwa juu ya njia yake?

Zamani jawabu lilikuwa la kubahatisha. Leo wataalamu humlaza ndovu kwa sindano ya dawa, wakamvika shingoni mkanda wenye chombo, kisha wakamwamsha. Chombo hicho hujua mahali kilipo kwa ishara za setilaiti, na kila baada ya muda hupeleka habari. Miezi ikipita, ramani huonyesha anywapo maji, avukapo barabara, na kijiji apitacho usiku.

Mwaka 2018 kazi hii ilianzwa kwa ndovu wa Selous, pori lililokuwa likipakana na Hifadhi ya Mikumi. Haja ilikuwa kubwa, kwani katika nchi hiyo ya Selous na Mikumi walihesabiwa ndovu zaidi ya 100,000 mwaka 1976, na mwaka 2013 walibaki kama 13,000, wengi wakiwa wameuawa kwa ajili ya pembe zao. Mwaka huo wa 2018 Serikali pia ilitoa kanuni za kuzilinda shoroba, yaani mapito ya wanyama.

Ama kanuni bila ya ramani ya kweli yaweza kudhulumu: ikamzuia asiyelima njiani, na ikamwacha alimaye katikati ya njia apate hasara kila mwaka. Kwa hiyo mipango ya ardhi ya vijiji vya Kilosa na ifuate ushahidi huu, na ramani zisomwe mbele ya wanakijiji, zisifungiwe ofisini. Atakiwaye kuiacha njia wazi aelezwe sababu, na aliyeharibiwa shamba alipwe kifuta jasho chake kwa wakati.

Nanyi vijana, jifunzeni elimu hii ya ramani, ili kesho msimame barazani mkawasomee wazazi wenu. Wanyama ni amana tuliyopewa, na riziki ya jirani ni amana vilevile; haifai kuilinda moja kwa kuipoteza nyingine.