Tangulia Wewe. Hapana, Wewe!

Na Mzee Foleni

Kilichomkera Mzee Foleni wiki hii si umeme wala daladala, mada ambazo wasomaji wake wamezichoka. Ni sentensi moja tu. Kwenye semina ya waandika programu, mtoa mada mwenye tai nyekundu alitangaza kuwa njia zote za programu sambamba kuwasiliana ni sawa: utumie chaneli, utumie sanduku la ujumbe, shauri yako. Ukumbi ukapiga makofi. Mzee akaiacha sambusa yake katikati, na wanaomjua wanajua uzito wa hatua hiyo.

Sawa kivipi?

Mwaka 1997 mwanasayansi wa kompyuta Catuscia Palamidessi alithibitisha kihisabati kwamba si sawa. Alichukua kalkulasi ya pi, lugha ya kihisabati ya kueleza programu zinazowasiliana, kazi ya Robin Milner na wenzake, akalinganisha sura zake mbili: ile ambayo mtumaji na mpokeaji lazima wakutane papo hapo, na ile ambayo mtumaji huuachia ujumbe, kama kwenye sanduku, akaendelea na shughuli zake. Mtihani ulikuwa uchaguzi. Programu zinazofanana kila kitu, zilizopangwa duara, zimpate kiongozi mmoja.

Foleni amewahi kukwama mlangoni na shemeji yake: "Tangulia wewe." "Hapana, wewe." Kwa ujumbe wa kuachia, programu zaweza kukwama vivyo hivyo milele, maana lolote inalofanya moja, nyingine nayo yaweza kulifanya. Lakini kila moja ikiruhusiwa kusema "natuma au napokea, litakalowahi", makutano yenyewe yanaamua: mmoja katuma, mwingine kapokea, kiongozi kapatikana. Uhuru huo wa kuchanganya ndio wenye nguvu. Ukibakiza kuchagua kati ya kupokea tu, Uwe Nestmann na Benjamin Pierce walionyesha kuwa ujumbe wa kuachia unatosha.

Mashabiki wa Go, lugha ya kuandikia programu, watasema lugha yao inaruhusu mchanganyiko huo kwenye amri ya "select", na inafanya kazi. Naam, lakini tazama ndani. Kabla ya kuzifunga chaneli kwa kufuli, Go huzipanga kwa anwani zake kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ili wote wafuate mpangilio uleule. Anayewahi kufuli ndiye mshindi. Hila halali, maadamu wote wako kwenye mashine moja. Erlang, lugha nyingine ya programu iliyozaliwa kampuni ya Ericsson kwa ajili ya mitambo ya simu, haikujisumbua: unatuma, unakwenda zako.

Sasa seva moja ikiwa Mwanza na nyingine Mombasa, kufuli hilo litakaa mfukoni mwa nani? Mtoa mada alipoulizwa hivyo, alisema muda umekwisha, akaanza kugawa vyeti.